Mkono wa Mkwe

Simu ile haijakatwa, msomaji. Bado i sikioni mwa Nanzala, jikoni kwake Munyaka, na sauti ya Hussein bado inatoka ghalani kwake Moi's Bridge ikirudia maneno yaleyale yaliyotukausha mate juma lililopita.

"Mama Sabrina, unanisikia? Tumempata Elphas. Amekufa. Alikuwa chini ya magunia."

  Kabla Nanzala hajajibu, ng'ambo ya pazia, sebuleni, mahali ambapo angeweza kufika kwa kunyoosha mkono tu, Elphas huyohuyo alikohoa, akaweka kikombe mezani, akasema kwa upole, "Sabrina, niongeze chai."

"Nani huyo anaongea hapo?" Hussein akauliza.

"Ni Elphas."

 Kwenye simu zilisikika sauti za wapakizi wakibishana, na mlango wa lori ukibamizwa.

"Mama, huyu kijana ameendesha lori langu miaka mingi. Leo wanunuzi wamefika mapema, tumetoa turubai, tumeshusha magunia mpaka chini, tukampata amekauka kama muhogo, na juzi tu nilimwona akiliendesha. Nimemfunika mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Sasa huyo uko naye, umemwona uso?"

"Hussein, wewe si mgeni wa desturi zetu. Mimi ni mama mkwe wake."

"Basi unamjuaje?"

Nanzala aliinamisha macho hadi pale pazia lilipokomea.

"Kwa viatu," akasema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kwa watu wa kwao, mama mkwe hamtazami mkwe usoni, hamshiki mkono, wala haketi naye chumba kimoja, mpaka mkwe atakapomletea blanketi na kumpa mkono mbele ya mashahidi. Siku hiyo mwiko huondoka, naye mkwe huwa mtoto wa nyumba. Elphas aliiahirisha siku hiyo mwaka baada ya mwaka; mara lori limeharibika, mara blanketi zimepanda bei. Kwa hiyo, tangu alipomwoa Sabrina, Nanzala alimjua kwa kikohozi, kwa harufu ya dizeli, na kwa jozi ya viatu vyeusi vilivyochongoka, ambavyo hata sasa vilikuwa vimetulia chini ya pazia, kimoja kando ya kingine.

Sauti ya Hussein ikashuka. "Mama, huyu wa hapa hana viatu."

Nanzala akaegemea meza.

"Na nikuulize kitu kingine. Anakula chumvi?"

Swali hilo lilimkuta akipakua. Mbele yake palikuwa na sufuria mbili za maharagwe: kubwa yenye chumvi, na ndogo isiyo nayo. Ndogo ilikuwa ya wawili. Wa kwanza ni Elphas, ambaye tangu arudi kutoka safari ya mwezi uliopita alidai kuwa chumvi inamchoma ulimi. Wa pili ni Marvin, kitindamimba wa Nanzala, aliyezaliwa hivyo. Nanzala hakuona ajabu. Hata marehemu mumewe, Wakoli, aliiacha chumvi tangu lori lake lilipopinduka Turbo, mwaka mmoja kabla ya Marvin kuzaliwa. Siku ile wenzake wote waliangamia, yeye akarudi nyumbani kwa miguu bila mchubuko. Daktari alisema ni presha. Mwanamke aliyezoea sufuria mbili haulizi maswali. Husugua zote mbili akazianika.

"Haili," akasema.

"Subhanallah." Hussein alilitamka neno hilo polepole, kama mtu awekaye mzigo chini. "Sikiza. Usimpe kitu chochote akikuomba, hata kiwe kidogo namna gani. Jini hali chumvi, wala havunji mlango. Anangoja mwenye nyumba amkaribishe. Nakuja huko na afande."

Simu ikakatika.

Sabrina akaingia na chupa ya chai, tumbo likimtangulia. Mimba yake ilikuwa imefikia pale ambapo mwanamke hutembea akiwa ameshika kiuno, na ndiyo sababu alikuwa amerudi kwa mamake kungoja siku zake.

"Mama, anataka chai."

"Anayetaka chai ni nani?"

Sabrina aliikazia macho chupa.

"Nimekuuliza. Hussein amepiga simu."

"Basi unajua."

"Mimi sijui kitu. Sema wewe."

"Ukijua utafanya nini, Mama?" Hakulisema kwa ujeuri. Alilisema kama mtu aliyekwisha kuzigonga kuta zote nne.

Nanzala akamshika kifundo cha mkono. Ndipo Sabrina aliposema, kwa mnong'ono, huku maji ya bomba yakiachwa yatiririke ili kuifunika sauti.

"Nilienda ghalani kumwona Marvin. Elphas akanikuta huko, amelewa. Akaanza vile huanza. Akanipiga teke hapa." Akagusa tumbo. "Jiwe la mizani lilikuwa karibu. Sikutaka afe, Mama. Nilitaka tu awache."

"Ni wewe."

"Ni mimi."

Nanzala, ambaye tangu simu ile ikatike alikuwa akimlilia mwanawe Marvin moyoni, alikiachilia kifundo cha bintiye. Marvin ndiye aliyeshika funguo za ghala. Marvin ndiye aliyeapa mbele ya wapakizi kwamba Elphas akimgusa dadake tena atamvunja shingo. Kumbe Marvin hakumgusa mtu.

"Na yeye alifanya nini?"

"Alimlaza pale magunia yalikuwa yapangwe kesho yake. Wakapanga juu yake, wakaweka dawa ya wadudu, wakafunika na turubai. Nani angesogea hapo?"

"Sasa huyu wa sebuleni?"

"Jioni ileile alibisha mlango wangu. Kikohozi chake, koti lake, viatu vyake. Akaniambia, wewe niite mume wako, na hakuna mtu atatafuta mwingine." Machozi yalikuwa yakimtoka bila uso wake kubadilika. "Nikamwita, Mama. Kwa ajili ya Marvin, nikamwita."

"Na anataka nini?"

Sabrina akaweka viganja vyote viwili tumboni. Hakuhitaji kujibu, lakini alijibu.

"Anasema ule mwili ni wa kuazima, haudumu. Anataka huu wenye unakuja. Lakini hawezi kuingia kwa mtoto kama nyumba haijamkubali kuwa baba. Mimi nilimkubali kama mke, haitoshi. Nyumba ni yako."

"Chai, Sabrina," ikasema sauti ng'ambo ya pazia. "Na usimweleze Mama mambo nusunusu. Mwambie mimi ni mtu wa adabu."

Maji ya bomba yakakoma yenyewe.

"Mama, shikamoo."

Kwa muda wa mwezi mzima Nanzala alikuwa ameijibu salamu hiyo kila asubuhi. Alikuwa akimwita "baba," kama mama mkwe mwema amwitavyo mkwe wake. Alikuwa amempikia, amemfulia shati, amemwombea safari njema. Safari hii aliuma midomo.

"Sawa. Usijibu," sauti ikaendelea bila kukasirika. "Nimezunguka nyumba nyingi za mji huu. Kapseret, Langas, hata zile kubwa za Elgon View zenye mbwa. Nyingi hazinifai. Nikiketi tu, ndugu huanza kuuzana. Huyu anamshtaki yule, yule anamshtaki huyu, na siri ikitoka nje mimi sina pa kukaa. Lakini hapa kwenu, Mama, mnapendana. Dada anamfichia kaka, kaka anamfichia dada, na mama atawafichia wote. Nyumba kama hii ni nadra. Nilipoijua, sikuisahau."

Nanzala hakungoja zaidi. Alimshika bintiye mkono, akauendea mlango wa nyuma unaotoka uani, akafungua kitasa.

Kizingitini, juu ya kile kipande cha gunia cha kufutia miguu, vilisimama viatu viwili vyeusi vilivyochongoka. Juu ya viatu palikuwa na miguu ya suruali.

Na hapa, msomaji, usimcheke mwanamke huyu. Mtu mwingine angepiga kelele au angempiga kikumbo akapita. Nanzala alifanya lile ambalo mamake alimfunza, na nyanyake alimfunza mamake: aliinamisha macho, akavuta leso kichwani, akarudi kinyumenyume ili kumpisha mkwe. Mwili ulitii kabla ya akili kuamka. Alipoamka, mlango ulikuwa umefungwa, na sebuleni mtu alikuwa akikoroga chai.

"Asante, Mama," ikasema sauti. "Ndiyo maana nasema, nyumba yenye adabu."

Sabrina akaketi sakafuni.

Kisha kitu kikasukumwa taratibu chini ya pazia, kikaja hadi miguuni pa Nanzala. Lilikuwa blanketi jipya, zito, lenye maua mekundu, ndani ya mfuko wake wa nailoni wenye zipu.

"Leo ndiyo siku. Mashahidi wako njiani. Nitakupa mkono, utanipa mkono, mambo yaishe. Tuwangojee. Chakula kisipoe."

Wakangojea. Ungewaambia wafanye nini? Mvua ya Eldoret ilianza kwa kelele juu ya mabati, ikanyesha, ikapungua. Simu ya Nanzala ilikataa kushika mtandao. Mara mbili alikinyooshea mkono kitasa cha mlango wa nyuma, na mara mbili alikiona kivuli cha viatu kikijaza mwanya wa chini.

Mlango ukafunguka kwa nje. Aliyeingia alikuwa Marvin, amelowa, matope magotini.

"Mathe, wamempata. Nilikuwa nimetoka kidogo kununua chapati, kurudi naona lori za wanunuzi, naona Mzee Hussein ameshika kichwa. Nikaruka ukuta." Akamwona dadake sakafuni. "Umemwambia?"

"Ameniambia," Nanzala akasema. "Marvin, hukuona mtu hapo mlangoni?"

"Mtu gani?" Aliuliza kwa haraka na hakungoja jibu. "Sikiza, Mathe. Wakija nitasema ni mimi. Si funguo zilikuwa kwangu? Sabrina ako na mtoto. Mimi niko na nini?"

"Uko na mimi."

"Mathe, usianze."

"Wazuri sana," sauti ikasema sebuleni, kwa upendo wa kweli. "Sikieni vile wanagombania jela."

Nje, gari likasimama. Milango miwili ikafungwa kwa kishindo.

Inspekta Gathogo alikuwa mtu mfupi mwenye tumbo la ofisi na macho yasiyolala. Aliingia bila kubisha, Hussein akimfuata na kofia yake mkononi. Katika hatua ya tatu Gathogo alimwona mtu ameketi kwenye kochi, kikombe gotini, akasimama. Akatoa simu yake mfukoni, akaitazama picha ya maiti, akamtazama mtu, akaitazama picha tena.

"Wewe ni nani?"

"Elphas, afande. Karibu chai."

Gathogo akamgeukia Hussein. "Mzee Hussein, umenitoa Moi's Bridge na mvua hii nikuje kuambia familia mtu wao amekufa. Mtu wao anakunywa chai."

"Afande, huyo si mtu."

"Ni nini? Kabati?"

"Nimemfunika Elphas mwenyewe leo. Huyo ni jini."

"Mimi nikiandika jini kwa ripoti, mkubwa wangu atanipeleka Lokichar nikahesabu ngamia." Gathogo akaketi. "Wewe. Maiti iko na kitambulisho chako mfukoni. Nieleze."

"Kiliibwa, afande. Mwezi uliopita, Turbo, nikipumzika kwa lori. Mwizi alichukua kitambulisho na pesa ya mafuta. Labda alikuja pia kuiba mahindi ya Mzee, magunia yakamwangukia. Mungu si Athumani."

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa zuri mno, na Gathogo, aliyetaka kurudi nyumbani kabla ya mvua ya pili, alianza kulipenda.

Hussein alilivuta pazia, akaingia jikoni bila kumwangalia mtu, akatoka na pakiti ya chumvi. Aliimimina chai, akatia konzi nzima, akaisukuma mezani.

"Mwambie anywe hiyo. Akinywa, naomba msamaha mbele ya watu wote."

Mtu yule wa kochini alikitazama kikombe, kisha akamtazama Gathogo kwa haya. "Nina presha, afande."

"Hata mimi daktari amenikataza," Gathogo akasema, akakisogeza kikombe kando. "Mzee Hussein, keti. Ama usimame, lakini uwache kupika."

Hussein hakuketi. Alirudi nyuma hadi ukutani, midomo ikisoma.

Nanzala alikuwa ameyasikia yote. Alijua kwamba jibu zuri lile likikubaliwa, wanawe watapona, na kitu kile kitabaki kochini mpaka siku ya uchungu wa Sabrina. Aliona njia moja tu. Akasema, akiwa bado nyuma ya pazia, "Afande, aliyekufa ni Elphas. Ni mimi niliyemwua."

Gathogo akalitazama pazia. "Nani anaongea?"

"Ni mama mkwe wangu," kitu kile kikasema.

"Umemwua lini, Mama? Kabla ya chai ama baada?"

"Anadanganya," Marvin akasema, akitokeza. "Ni mimi."

"Ni mimi," Sabrina akasema kutoka sakafuni.

"Watatu." Gathogo aliwahesabu kwa kalamu. "Na marehemu anasema nini?"

"Nasema chai imepoa, afande."

Gathogo akacheka mpaka akafuta macho. Nanzala alisimama akikisikiliza kicheko hicho, na ndipo alipotambua ukubwa wa mtego. Hata hatia yao hawakuwa nayo tena. Kitu kile kilikuwa kimekaa juu yake, na madamu kimeketi pale kikiwa hai, hakuna mwanadamu angeamini kwamba mtu amekufa.

Lakini Gathogo, alipomaliza kucheka, hakuwa mtu yule aliyeanza. Alikuwa amemtazama Marvin na yale matope ya magotini.

"Ngoja kwanza. Watu hawakiri hivihivi hata wakichoka." Akainuka, akatoa pingu, akamfunga Marvin kabla kijana hajajua kuwa mikono yake imeshikwa. "Funguo zilikuwa kwako. Wapakizi wameniambia ulivyoapa. Leo umeruka ukuta ukatoroka. Kwa hivyo nina mambo mawili. Kama huyu ni Elphas, basi maiti ni ya mwizi, na wewe ni kijana mwoga, nenda ukaoge. Kama huyu ni tapeli, basi maiti ni Elphas, na wewe ni muuaji. Mzee Hussein anasema hivi, huyu wa kochini anasema vile. Mke anaweza kudanganya. Mama mkwe hana sababu ya kumlinda tapeli. Mama, toka hapo."

"Afande, siwezi kutoka. Mkwe yuko hapo."

"Mimi nimetumwa na serikali, sikutumwa na kitambaa."

Akalishika pazia, akalivuta. Pete zake zikakatika moja baada ya nyingine, likaanguka. Huo ndio uliokuwa ukuta wa Nanzala kwa miaka yote hiyo, na ulianguka bila kishindo, kama nguo ikianguka kutoka kwenye kamba.

Akajifunika uso kwa leso.

"Toa hiyo. Mtazame uniambie ni yeye ama si yeye."

Nanzala alishusha leso. Akainua macho, kwa mara ya kwanza, akamtazama mkwe.

Alikuwa amejiandaa kuona pembe. Alikuwa amejiandaa kuona macho ya paka, meno ya fisi, shimo la giza. Aliona uso wa mtu. Uso mrefu, wenye ndevu chache, kovu dogo juu ya nyusi, na macho yaliyochoka ya dereva. Ulikuwa wa Elphas? Haukuwa wake? Angejuaje? Hakuwa na sura nyingine moyoni ya kuulinganisha nao. Kijana aliyekula kwake miaka yote hiyo alikuwa amekufa bila yeye kumwona hata siku moja.

"Sijui," akasema.

"Hujui mkwe wako?"

"Afande, usimlaumu," kitu kile kikasema kwa adabu. Kikainuka, kikalichukua blanketi, kikafungua zipu ya mfuko. "Kwetu mama mkwe hamjui mkwe mpaka siku ya blanketi na mkono. Leo nimekuja nayo. Akinipa mkono, ndiyo ushahidi. Mama hawezi kumpa mkono mtu asiye wake. Hata akitishwa kwa panga hawezi."

Gathogo akamtazama Hussein. "Ni kweli?"

Hussein hakutaka kuitika, lakini alikuwa mtu mkweli. "Desturi yao ni hiyo. Mama Sabrina, usimpe."

"Usimpe, Mama," Sabrina akasema. Alikuwa amejikunja akilikumbatia tumbo kwa mikono miwili.

 Marvin alisimama na pingu zake, maji ya mvua yakimdondoka kidevuni, akamtazama mamake kama alivyomtazama siku ya kwanza ya shule, alipokatazwa kulia na akajitahidi asilie.

Hapo ndipo mama yule alipowekwa mizanini. Upande mmoja, mjukuu ambaye hajauona uso wake. Upande wa pili, mwana aliyemnyonyesha, aliyemfundisha kutembea kwa kushika ukuta wa nyumba hiihii. Akatafuta mlango wa tatu, msomaji, nakuhakikishia alitafuta. Hakuwa na mume wa kumwuliza. Hakuwa na pazia la kujificha. Huyo aliye tumboni, akajiambia, bado yuko kwa Mungu. Huyu yuko kwenye pingu.

Blanketi lilimshukia mabegani, zito, la joto.

"Mkono usioweza kuukata, Mama," kitu kile kikaanza kwa sauti ya chini. Hakikumalizia. Kila mtoto wa Kiswahili hujua kwamba mkono wa namna hiyo hubusiwa.

Kikanyoosha mkono wa kulia.

Nanzala akautoa wake.

Mkono ule haukuwa baridi kama alivyotarajia. Ulikuwa na joto la mahindi yaliyofungiwa ghalani yakiwa mabichi, joto linalopanda kutoka ndani ya gunia, lenye uvundo mtamu. Vidole vilifumba juu ya vyake. Sabrina aliguna, akajishika ubavu. Mtoto alikuwa amegeuka tumboni mara moja, kama mtu aliyeitwa kwa jina.

"Basi," Gathogo akasema, akitafuta ufunguo wa pingu. "Ni yeye. Nyinyi watu mnaweza kuchosha."

Hussein alitoka kinyumenyume hadi mvuani, kofia bado i mkononi.

Nanzala alitaka kuutoa mkono wake. Haukutoka. Kitu kile kiliinama, kama mkwe mwenye heshima amnong'onezaye mama yake mpya baraka, na maneno kiliyoyasema hayakusikiwa na mwingine.

"Asante, Nanzala."

Hakuna aliyemwita kwa jina hilo tupu, bila Mama mbele yake, tangu Wakoli azikwe. Na sauti haikuwa ya Elphas tena.

"Hii ni mara ya pili unanipa mkono. Mara ya kwanza ilikuwa mlangoni hapo, jioni ile lori lilipopinduka Turbo. Nilifika nimechoka, umbo la mumeo likinibana kila upande. Ukanishika mkono ukasema, karibu nyumbani, baba. Umesahau? Nilikaa vizuri sana hapa. Nilikuachia hata zawadi."

Mkono ukaachiliwa.

Gathogo alikuwa amekwisha kumfungua Marvin na kuondoka. Kijana alivisugua vifundo vya mikono, akahema kama mtu aliyetolewa mtoni, akakivuta kiti mezani. Tangu asubuhi hakuwa ameonja kitu. Akaivuta sahani iliyotoka kwenye sufuria ndogo. Kitu kile kikaketi mkabala naye, kikaivuta ya pili. Wote wawili waliegemea upande uleule, wakamega tonge kwa kidole gumba namna ileile, wakala maharagwe yasiyo na chumvi kwa hamu ileile.

Marvin akainua kichwa, mdomo umejaa, uso wake wa utotoni ukiwa na wasiwasi kidogo.

"Mathe," akasema, "mbona unaniangalia hivyo?"